Sijambo ya Mgonjwa

Kazi ya mjomba wangu ilikuwa kupima watu. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Langas, mjini Eldoret, na utepe wake wa kupimia haukutoka shingoni tangu asubuhi hata jioni. Alipima upana wa mabega, mzunguko wa kiuno, urefu wa mkono na urefu wa mguu, akaandika tarakimu zote katika daftari kwa kalamu ya risasi. Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja hata kwa mteja aliyemwahidi malipo maradufu: hakumshonea mtu asiyekuja mwenyewe. Mke akija kuagiza suruali ya mume wake, akasema, "Fundi, mpime huyu ndugu yangu, mwili wao ni mmoja," mjomba alitabasamu, akaukunja utepe, akamwomba amlete mwenye suruali. Alisema nguo iliyopimwa katika mwili wa mtu mwingine huvaliwa siku moja tu, nayo ni siku ya kurudishwa kwa fundi.

Utotoni niliiona kanuni hiyo kuwa ukaidi wa mzee. Baadaye ndiyo iliyonihukumu, siku nilipoketi karibu naye hospitalini nikajibu kwa kinywa changu maswali aliyoulizwa yeye.

Mji wetu wenyewe ulijulikana kwa tarakimu kabla ya kujulikana kwa jina. Wakati wa walowezi ulianza juu ya shamba nambari 64, na hata leo wazee huuita Sitini na Nne, na vijana huuita Sisibo, neno lililotoka katika tarakimu hiyo hiyo kwa Kiingereza. Mwezi wa Agosti, 2024, ulipewa hadhi ya jiji. Tarakimu 64 ilimtosha karani aliyetaka kuliona shamba katika ramani. Haikumwambia kwamba shamba liko juu ya uwanda wenye kimo cha mita 2,100 hivi, ambako asubuhi za Julai vidole hukakamaa kwa baridi, wala haikumwambia nani alikuwa akilisha ng'ombe wake hapo kabla ya ramani kuchorwa. Siidharau tarakimu. Nataka tu msomaji akumbuke, kila aonapo tarakimu, kuuliza inajibu swali gani.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe, maana yamkini vijana wengi wamelisikia jina lake kuliko habari zake. Damu yetu hutengenezwa katika uboho, ule ute laini ulio ndani ya mifupa. Humo huzaliwa chembe nyekundu zinazochukua hewa, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe ndogo zinazogandisha damu penye jeraha. Saratani ya damu ni uasi wa baadhi ya chembe hizo: huongezeka bila kiasi, hazitimizi kazi yake, wala hazifi kwa wakati wake, hata zikazisonga nyingine. Uasi ukijaa katika damu na uboho, aghalabu huitwa lukemia. Ukianza katika tezi, huitwa limfoma. Na ukiwa ni wa zile chembe za uboho zinazotengeneza kingamwili, huitwa mailoma.

Afrika ya Mashariki ina nafasi yake katika elimu ya maradhi haya. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji wa Kiayalandi aliyeitwa Denis Burkitt aliwaona watoto waliovimba mataya kwa namna ya ajabu, na mwaka 1958 akatoa maandiko ya kwanza juu ya uvimbe huo. Mwaka 1961 alisafiri kwa motokaa kuukuu kilomita 16,000 hivi, akipita hospitali baada ya hospitali, kuuliza ugonjwa unapatikana wapi na wapi haupatikani. Ikaonekana kwamba unafuata nchi zenye joto, mvua na malaria. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt, na watoto wanaotoka kandokando ya Ziwa Viktoria bado wanaupata. Jambo lililowashangaza waganga wa siku zile ni kwamba dawa ziliweza kuuyeyusha uvimbe mkubwa kwa muda wa siku chache. Hesabu yao ilikuwa moja: watoto wangapi wapo hai, na wangapi wamekufa. Katika wakati ambao karibu wote walikufa, hesabu hiyo ilitosha, na aliyetaka kuhesabu jambo jingine angeonekana mpuuzi.

Lakini mtu akiishi na saratani mwaka mmoja, miwili, mitano, swali la pili huja lenyewe. Anaishije?

Mjomba aliugua mailoma. Ugonjwa huu hutafuna mifupa, hupunguza damu, na huweza kuharibu figo. Dalili yake ya mwanzo mara nyingi ni maumivu ya mgongo, na fundi aliyeinama juu ya cherehani miaka thelathini ana kila sababu ya kuumwa mgongo. Kwa hiyo hapana aliyeshuku kitu, wala yeye, wala sisi, wala zahanati moja ambako alipewa vidonge vya maumivu karibu mwaka mzima. Siku moja ya mwaka 2018 aliinua jora la kitambaa kutoka sakafuni, akasikia kitu kikialika mgongoni, akakaa chini, asiweze kuinuka. Mfupa wa uti wa mgongo ulikuwa umevunjika kwa uzito wa kitambaa cha sare za shule.

Tulimpeleka katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Hospitali hii ilianza mwaka 1917 ikiwa ndogo, na leo wagonjwa huijia kutoka pande zote za magharibi ya Kenya: Turkana, Pokot, Bungoma, Busia, Trans Nzoia. Katika ua wake kuna hospitali ya watoto iliyofunguliwa mwaka 2015, na kuna jengo la saratani na maradhi ya kudumu linaloitwa Chandaria, ambalo mimi na mjomba tulilijua baadaye kama tunavyoijua nyumba ya jirani. Walimchukua damu na mkojo, wakamchoma sindano katika mfupa wa nyonga kuvuta uboho, na baada ya siku kadhaa ugonjwa ukapata jina.

Moja ya dawa alizopewa ilikuwa thalidomaidi. Dawa hii ina habari ambayo kila kijana anayetaka kuwa mganga inampasa kuijua. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1957 iwe dawa ya usingizi, na wanawake waja wazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Maelfu ya watoto wakazaliwa na mikono na miguu mifupi, au bila mikono kabisa. Iliondolewa madukani Ujerumani mwishoni mwa mwaka 1961, ikabaki na jina la laana. Kisha mwaka 1999 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba inawasaidia wagonjwa wa mailoma ambao dawa nyingine zimewashinda. Dawa ile ile iliyowalemaza watoto ikarudi kuwarefushia wazee maisha, chini ya ulinzi mkali. Lakini ilirudi na tabia zake, na moja ya tabia zake ni kuumiza mishipa ya fahamu ya vidole.

Katika ugonjwa wa mailoma kuna protini isiyo ya kawaida inayomwagwa katika damu na chembe zile zilizoasi. Ikipanda, ugonjwa unapanda. Ikishuka, ugonjwa unashuka. Katika miezi ya kwanza ya matibabu protini ya mjomba ilishuka kila tulipokwenda. Niliziandika tarakimu hizo katika simu yangu, nikawapelekea ndugu wote, nao wakajibu kwa kumshukuru Mungu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nami napenda mstari unaoshuka vizuri. Mjomba mwenyewe alipoulizwa hali alijibu neno moja.

"Sijambo."

Neno hili ni adabu kabla ya kuwa habari. Mtu akikuuliza "Hujambo?" amekwisha kukuwekea jibu kinywani, na kusema kinyume chake ni kama kumwacha mgeni amesimama mlangoni. Nimemsikia mtu aliyevunjika mguu akijibu "Sijambo" akiwa bado chini barabarani. Wazee wetu walijua udhaifu wa jibu hili, ndiyo maana husema, "Sijambo, ila..." na habari yote ya kweli huja baada ya ila. Lakini ili mgonjwa aifikie ila, inampasa muulizaji angoje. Na katika chumba ambacho watu arobaini wanangojea nje kwa daktari mmoja, hakuna anayengoja ila ya mtu. Daktari huuliza, "Hujambo, mzee?" Mzee hujibu, "Sijambo, daktari." Wote wawili wana adabu, na wote wawili hawakuambiana kitu.

Shida hii haikuanza kwetu. Mwaka 1948, mjini New York, madaktari David Karnofsky na Joseph Burchenal, pamoja na wenzao, walikuwa wakijaribu dawa za saratani zilizotokana na gesi ya sumu ya vita. Waliona kwamba uvimbe kupungua si habari kamili. Inafaa ijulikane mgonjwa anaweza kufanya nini. Wakatengeneza ngazi ya tarakimu kutoka 100 hata 0. Mtu wa 100 hana lalamiko. Wa 70 hujitunza mwenyewe lakini hawezi kazi. Wa 50 ahitaji msaada mwingi. Wa 0 amekufa. Ngazi hii ni rahisi na bado hutumika. Lakini hutajwa na daktari. Mgonjwa hutazamwa, hupewa tarakimu, basi.

Mwaka huo huo katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika, ikisema kwamba afya si kukosa maradhi tu, bali ni hali njema ya mwili, ya akili na ya kuishi na watu. Maneno hayo ni mapana kama bahari, na ilichukua miaka mingi kupata chombo cha kuyachotea. Mwaka 1993 Shirika la Ulaya la Utafiti na Tiba ya Saratani lilitoa hojaji yenye maswali 30 ambayo mgonjwa hujijibia mwenyewe. Je, unaona taabu kutembea mwendo mrefu? Unakaa kitandani mchana? Umekuwa na wasiwasi? Ugonjwa umekuingilia katika mambo ya jamaa yako? Umekuletea shida ya fedha? Kwa maswali 28 mgonjwa huchagua tarakimu 1, yaani hapana kabisa, hata 4, yaani sana. Mawili ya mwisho, juu ya afya na maisha kwa jumla, hujibiwa kwa tarakimu 1 hata 7. Majibu hugeuzwa kuwa alama za 0 hata 100. Hapa mwanafunzi awe mwangalifu: alama 100 za kuweza kazi ni furaha, lakini alama 100 za maumivu ni msiba. Baadaye yaliongezwa maswali 20 kwa wagonjwa wa mailoma peke yao.

Kazi ya kuyaleta maswali kama hayo katika lugha nyingine ina kanuni yake. Mmoja hufasiri, wa pili huirudisha tafsiri katika lugha ya kwanza bila kuona asili, kisha hulinganishwa, kisha wagonjwa huulizwa wameelewa nini. Hata hivyo maisha hayafasiriki yote. Swali la kwanza la ile hojaji linatoa mfano wa kubeba sanduku la safari au mfuko mzito wa vitu vya dukani. Mama mmoja tuliyekutana naye katika kungojea, aliyekuwa amesafiri zaidi ya kilomita 300 kutoka Lodwar, alisema yeye hana sanduku wala hana safari ila hii ya hospitali. Aulizwe juu ya ndoo ya maji ya lita 20, naye atajibu mara moja. Nadhani alisema kweli, na nadhani mjibu swali alikuwa na akili kuliko swali.

Siku ya maswali ilifika katika mwaka 2019. Sista aliyekuja na karatasi alikuwa msichana mpole. Alikaa mbele ya mjomba, si nyuma ya meza, akasema, "Mzee, nitakuuliza habari za juma moja lililopita. Hapana jibu la kufaulu wala la kushindwa." Kisha akauliza kama mjomba anaona taabu kufanya kazi nzito.

Mjomba hajafungua kinywa, nikasema, "Siku hizi ana nguvu, sista. Juzi amekwenda sokoni kwa miguu."

Akauliza juu ya maumivu. Nikasema, "Kidogo tu." Juu ya usingizi. Nikasema, "Analala vizuri." Juu ya huzuni. Nikacheka, nikasema mjomba hana huzuni, mtaa mzima unamjua kwa mzaha. Sikuwa nasema uongo kwa kusudi. Nilikuwa na haraka, maana nilikuwa na kipindi shuleni saa nane. Nilikuwa na mstari wangu unaoshuka. Nami nilipenda sana awe mzima. Katika hizo tatu sijui ipi ilikuwa na nguvu zaidi.

Mjomba aliniwekea mkono juu ya goti. "Mpwa wangu," akasema taratibu, "suruali hii ni ya nani?"

Sikumwelewa.

"Hii tunayopimiwa hapa. Itavaliwa na wewe au itavaliwa na mimi?"

Sista alipigia mstari majibu yote niliyoyatoa, akarudi swali la kwanza. Nilinyamaza. Na katika kunyamaza kwangu nilisikia habari za mtu niliyekuwa nikila naye meza moja kila Jumapili. Usingizi: hapati, huamka saa tisa za usiku. Huzuni: kiasi. Maumivu: kidogo, na hapo tu nilikuwa nimepata sawasawa. Lilipofika swali kama mikono au miguu inakufa ganzi au kuchomachoma, alinyamaza muda mrefu, akaitazama mikono yake kama inayomdai deni.

"Sana," akasema. "Andika ile nne."

Alikuwa na miezi mitatu haisikii sindano katika vidole. Uzi hakuweza tena kuutunga. Siku moja alikuwa akishona, akaona kitambaa cheupe kimepata doa jekundu. Ndipo alipojua kwamba sindano ya cherehani imepita katika kidole chake. Tangu siku hiyo kazi yote ilifanywa na mwanafunzi wake, na sisi alituambia anapumzika kwa amri ya mgongo. Hakumwambia daktari kwa sababu alisikia kwamba dawa ikimdhuru mtu huondolewa, na dawa ikiondolewa ugonjwa hurudi. Mficha maradhi kifo humuumbua, naam, lakini wanaolisema hilo mara nyingi hawakuuliza aliyeficha alikuwa anaogopa nini.

Swali la mwisho lilikuwa juu ya maisha yake kwa jumla, kutoka 1 hata 7. Kwa yale niliyokwisha sikia, moyoni nilisema 2. Mjomba alifikiri, akasema, "Tano." Sista akainua macho. "Tano, mzee?" "Tano, binti yangu. Mwaka jana nilikuwa chini ya meza siwezi kuinuka. Leo nimekuja kwa miguu kukuambia mabaya yangu."

Kwa hiyo nilikosea pande zote mbili. Nilimpunguzia taabu yake mahali ilipokuwa kubwa, nikampunguzia na maisha yake mahali alipoyaona kuwa mema. Watafiti waliolinganisha majibu ya wagonjwa na majibu ya jamaa zao wameliona jambo hili mara nyingi: wasemao kwa niaba hukosea hasa katika mambo yasiyoonekana kwa macho, kama maumivu na huzuni, na aghalabu humdhania mgonjwa hali mbaya kuliko anavyojiona. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wala hujui, naongeza, usingizi wake.

Karatasi ile ilimfikia daktari siku hiyo hiyo. Alimpima vidole kwa pamba na kwa kitu chenye ncha, akapunguza dawa nusu, na baada ya mwezi akaisimamisha. Protini ikapanda kidogo. Nyumbani tulikuwa na ugomvi, na mimi ndiye niliyekuwa upande wa tarakimu. Nilisema ganzi haiui, lakini mailoma inaua. Afadhali vidole vilivyokufa kuliko mtu aliyekufa. Shangazi alilia. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wateja waliotaka kushonewa kwa mwili wa mtu mwingine, kisha akasema yeye amezungumza na daktari, wamekubaliana dawa nyingine itakayojaribiwa, na ikiwa bei yake ni kupunguziwa siku, amehesabu na anaweza kulipa. Sikukubaliana naye siku ile. Sina hakika kama nakubaliana naye hata sasa. Lakini hesabu haikuwa yangu.

Ganzi ilipungua polepole, haikuisha. Mwisho wa mwaka aliweza kukata kitambaa, kushona mapindo na kubandika vifungo. Matundu ya vifungo hakuyaweza tena, akamwachia mwanafunzi wake, huku akimsimamia na kumkosoa kwa ukali uliotupa sote faraja.

Hapana chombo kisicho na kasoro, na hiki nacho kina zake. Mgonjwa hujizoesha. Mtu aliyesema tano akiwa anatembea aweza kusema tano akiwa kitandani, kwa sababu mizani yake imehama pamoja naye. Msomaji wa karatasi asipoujua uhamisho huo atadhani hapana kilichobadilika. Tena wako wanaoona kwamba kumtajia sista huzuni ni kumnung'unikia Mungu. Na swali la fedha lilimchekesha mjomba kila mara, kwa sababu jibu lake lilijulikana na kila aliyekuwa katika foleni.

Katika mwaka 2021 ugonjwa ulirudi kwa nguvu, na dawa zilizobaki zilikuwa chache. Sasa alihudumiwa nyumbani kwa tiba ya kutuliza. Tiba hii imekua Afrika ya Mashariki ndani ya umri wangu: Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha huduma kama hiyo Uganda, akieneza mofini ya maji ya kunywa, dawa rahisi ya maumivu makali. Kutoka kwa watu wa kazi hii, chini ya chama cha tiba ya kutuliza cha Afrika chenye makao Kampala, ilitokea hojaji fupi kuliko ile ya Ulaya. Ina maswali kumi tu, na majibu yake ni 0 hata 5, ambayo mgonjwa huweza kuyaonyesha kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni sifuri, vidole vyote ni tano. Mtu asiyejua kusoma huijibu, na mtu aliyechoka kusema huijibu.

Sista wa nyumbani aliuliza maumivu. Mjomba akainua vidole viwili, maana mofini ilikuwa inafanya kazi. Aliuliza kama ameweza kuwaambia jamaa zake yaliyo moyoni. Vidole vinne, na jicho moja upande wangu. Kama anaona maisha yana thamani. Kama ana amani. Alifungua mkono wote, vidole vile vilivyopinda na vyenye ganzi, akauacha wazi juu ya blanketi.

Maswali saba ni ya mgonjwa. Matatu yaliyobaki ni ya anayemtunza, na hayo sikuyajua mpaka sista alipogeuka kunitazama mimi. Akaniuliza nina wasiwasi kiasi gani juu ya mgonjwa wangu. Nilitaka kusema sina neno. Mjomba alikuwa ananitazama. Niliinua mkono, nikafungua vidole vyote vitano, na yeye akatikisa kichwa kama fundi aliyeona mshono umekaa sawa.

Alifariki mwezi wa Machi, 2022, nyumbani, alfajiri.

Daftari lake la vipimo lilibaki kwangu. Kurasa za mbele zimejaa watu wa Langas: kifua 38, kiuno 32, mguu 41, sare ya mtoto, deni shilingi 200. Kuelekea mwisho, katikati ya wateja wachache waliobaki, kuna mistari isiyo na jina, moja kila Jumamosi, iliyoandikwa kwa mkono unaoyumba. Nilidhani ni mteja nisiyemjua. Usingizi 3. Mgongo 2. Ganzi 3. Huzuni 1. Mpwa amekuja, tumecheka, 6.